Ute, Ulimbo na Machicha: Dutu Zinatazo za Mwani wa Hadubini na Suala la Kuzitaja kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mawe yaliyomo katika vijito vinavyotiririka kutoka msitu wa Magamba, kilomita chache kaskazini ya mji wa Lushoto, yana sifa moja inayofahamika kwa kila avukaye bila viatu: yanateleza. Sababu si maji peke yake. Jiwe la aina ile ile lililolowa mvua kando ya njia halitelezi kwa kiasi hicho. Kinachomtelezesha mvukaji ni tabaka jembamba la viumbe hai, wengi wao wasioonekana kwa macho, pamoja na dutu laini ambayo viumbe hao huitoa na kujifunika kwayo. Kiswahili kina neno la haraka kwa jambo hilo, nalo ni utelezi.

Neno hilo ni sahihi kwa mguu. Kwa viumbe wenyewe si sahihi hata kidogo, kwani dutu hiyo hiyo ndiyo inayowashikilia jiweni wasichukuliwe na mkondo. Mguu unateleza pale pale kiumbe kinapong'ang'ania. Mtu anayetaja dutu hii hana budi kuchagua upande: ama ataitaja kama inavyompata yeye, ama ataitaja kwa kazi inayoifanya. Uchaguzi huo unaonekana kuwa mdogo ukingoni mwa kijito, lakini dutu za jamaa hiyo hiyo zinapatikana baharini kwa wingi mkubwa mno, na huko jina likikosewa huharibu maelezo yote yanayofuata.

Makala haya yanashughulikia dutu zinatazo zinazotolewa na mwani wa hadubini wa baharini unapokua na unapokufa. Yanaeleza jinsi zinavyotokea na kazi zake, kisha yanajadili namna Kiswahili kinavyoweza kuzitaja. Mambo haya mawili hayatenganishwi hapa, kwa sababu ugumu wa kuyaeleza maumbile ya dutu hizi kwa Kiswahili hautokani na uhaba wa maneno. Unatokana na wingi wa maneno ambayo hayajapangwa. Hoja inayotetewa ni kwamba majina yatokanayo na sura, kama vile uchafu, povu au makamasi, yanaificha kazi ya dutu hizi, na kwamba lugha tayari ina neno la kuitaja kazi hiyo, yaani ulimbo.

Ufafanuzi mmoja unahitajika mapema. Katika pwani ya Afrika Mashariki neno mwani hutaja mimea ya baharini inayoonekana kwa macho, ile ambayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 imekuwa zao la biashara Unguja na Pemba. Mwani wa hadubini ni viumbe wa seli moja moja, au wa minyororo na vifungu vya seli chache, ambao huelea katika maji yenye mwanga na kujitengenezea chakula kwa usanisinuru. Hawaonekani mpaka wawe wengi kiasi cha kubadili rangi ya maji.

2.0 Magamba ya silika

Kundi moja la mwani huo, diatomu, ndilo linalopatikana kwa wingi juu ya mawe ya vijito vya milimani na vilevile katika maji ya bahari. Takriban sehemu moja ya tano ya usanisinuru wote unaofanyika duniani inakadiriwa kuwa ni kazi ya diatomu. Kila seli yake imefungwa ndani ya vipande viwili vya silika vinavyopachikana kama chombo na kifuniko chake. Kiswahili kinaruhusu vipande hivyo viitwe magamba, kama ya samaki, na hakuna sababu ya kutafuta neno jingine. Msomaji asihitimishe, hata hivyo, kwamba jina la mahali Magamba lina uhusiano na neno hilo. Mahali hapo ni katika nchi ya Wasambaa, na asili ya majina ya huko haitafutwi kwa kulinganisha sauti na Kiswahili peke yake.

Uhusiano uliopo ni wa aina nyingine, na unastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo. Milima ya Usambara ni ya miamba geu ya kale sana. Mvua inayonyesha juu yake kwa mamilioni ya miaka imekuwa ikiimumunya miamba hiyo polepole na kuondoa madini yake, ikiwemo silika. Magamba kuna mashapo ya boksiti, yaani udongo wenye alumini nyingi. Udongo wa namna hiyo ni mabaki: hutokea mahali ambapo silika imekwisha kuoshwa na kilichobaki ni kile ambacho maji hayakuweza kukichukua. Kwa hiyo anayeitazama boksiti ya Magamba anatazama nusu moja tu ya hesabu. Nusu ya pili ilishuka na mito. Maji ya Usambara ya Magharibi huenda pande mbili: mengine huingia Mkomazi na hatimaye Pangani, na mengine huufuata mto Umba hadi baharini karibu na Vanga, mpakani mwa Kenya. Silika iliyoyeyuka katika maji hayo ni miongoni mwa malighafi ambazo diatomu za pwani huzichukua kujengea magamba yao.

Kwenye jiwe la kijitoni diatomu nyingi zina ufa mwembamba katika gamba, na kupitia ufa huo hutoa uzi wa dutu inatayo. Kwa uzi huo seli hujishikiza, na kwa kuuvuta husogea, ikiacha nyuma yake njia ya dutu hiyo kama konokono. Aina nyingine hujitengenezea kikonyo cha dutu hiyo hiyo na kusimama juu yake. Dutu hizi kwa sehemu kubwa ni polisakaridi, yaani minyororo mirefu ya sukari iliyounganishwa. Baharini, ambako hakuna jiwe la kushika, seli zinazoelea nazo hutoa polisakaridi, na hapo ndipo swali linapozuka: kiumbe kisicho na mahali pa kujishikiza kina haja gani na gundi?

3.0 Kukua na kufa

Jibu la kwanza halihusu haja bali ziada. Usanisinuru huhitaji mwanga, maji na kaboni, navyo katika tabaka la juu la bahari havikosekani mchana. Kujenga mwili wa seli mpya kunahitaji zaidi ya hivyo: naitrojini kwa protini, fosforasi kwa asidi za kiini, chuma kwa vimeng'enya. Virutubishi hivi vikipungua, seli haiwezi kugawanyika, ilhali mwanga unaendelea kuipiga na sukari zinaendelea kutengenezwa. Sukari hizo hazina pa kuwekwa. Seli huzitoa nje zikiwa katika umbo la polisakaridi, na ndiyo maana utoaji huu aghalabu huongezeka mwishoni mwa kipindi cha ustawi, wakati idadi ya seli imefikia kilele na virutubishi vimekaribia kwisha. Ni sawa na mgema ambaye mitungi yake imejaa na mnazi bado unatoa tembo.

Jibu la pili linahusu kifo. Seli hufa kwa njia nyingi: huliwa, hushambuliwa na virusi ambao huipasua ili watoke, au huzeeka na kuvuja. Baadhi hufa kwa utaratibu uliomo ndani yao wenyewe, ambapo kiumbe chenye njaa ya virutubishi huanzisha vimeng'enya vya kuibomoa seli yake. Katika njia zote hizo, isipokuwa pale seli inapomezwa nzima, vilivyomo ndani humwagika majini. Mmwagiko huo una polisakaridi pamoja na protini, na hubadili tabia ya maji yanayouzunguka.

Inafaa kusisitiza kwamba kukua na kufa hakutoi dutu moja iliyo sawasawa. Ute wa seli hai una sukari kama vile galaktosi, ramnosi na fukosi kwa uwiano unaotofautiana kati ya aina na aina, na hata kati ya asubuhi na jioni ya aina moja. Kinachoziunganisha dutu hizi ni kwamba nyingi zina vikundi vya asidi, hasa salfeti na kaboksili, vilivyoning'inia kandokando ya mnyororo. Vikundi hivyo ndivyo chanzo cha unato.

4.0 Kutoka ute hadi ulimbo

Dutu inapotoka katika seli mara nyingi imemumunyika: ni nyuzi nyembamba mno zilizotawanyika katika maji, na mtu akiyachuja maji hayo hazibaki juu ya kichujio. Katika mwaka 1998 watafiti Chin, Orellana na Verdugo walionyesha kwamba nyuzi za namna hiyo, katika maji ya bahari yaliyochujwa, hujikusanya zenyewe na kuwa jeli bila msaada wa kiumbe chochote. Kalsiamu, ambayo maji ya bahari inayo kwa wingi, huwa daraja kati ya uzi na uzi: kila chembe ya kalsiamu ina chaji mbili chanya, na kila mkono mmoja hushika kikundi cha asidi cha mnyororo tofauti. Ikiondolewa kalsiamu, jeli hulegea na kutawanyika. Maji baridi ya kijito cha mlimani yana kalsiamu kidogo yakilinganishwa na bahari, na hii ni moja ya tofauti zinazomkataza mtafiti kuyahamisha matokeo ya kijitoni hadi baharini bila tahadhari.

Jeli hizo ndogo hukutana na kushikana hadi kuwa chembe kubwa za kuanzia maikromita moja hivi hadi mamia ya maikromita. Ingawa ni kubwa kuliko seli nyingi za mwani, zilikaa muda mrefu bila kuingizwa katika hesabu za bahari kwa sababu hazina rangi. Hadubini ya kawaida hupitisha mwanga ndani yake kana kwamba hapana kitu. Mwaka 1993 Alice Alldredge, Uta Passow na Bruce Logan walichapisha maelezo ya chembe hizo baada ya kuzitia rangi ya Alcian blue, ambayo hushika polisakaridi zenye asidi. Maji yaliyodhaniwa kuwa na seli na nafasi tupu yalionekana kujaa mashuka, nyuzi na mawingu ya buluu, na seli zimenaswa ndani yake. Mwaka 1996 Long na Azam walitumia rangi nyingine, ishikayo protini, na kuonyesha kundi la pili la chembe zisizoonekana.

Jina ambalo wanasayansi waliwapa walimwengu kwa kundi la kwanza linaweza kufasiriwa chembe angavu za polima za nje ya seli. Ni jina lenye sababu za kihistoria: waligundua kitu ambacho sifa yake kuu ilikuwa kutoonekana, wakakiita kwa sifa hiyo. Lakini uangavu si tabia inayoifanya chembe hiyo iwe na maana baharini. Kama ingekuwa ya manjano au nyeusi, kazi yake ingekuwa ile ile. Kazi yake ni kunasa. Kila kinachoigusa, kiwe seli ya diatomu, bakteria, kinyesi cha wanyama wadogo, punje ya udongo uliotoka mtoni au ganda tupu, kina uwezekano wa kubaki pale. Hiyo ndiyo maana ya ulimbo.

5.0 Machicha yazamayo

Seli moja ya mwani huzama polepole sana, pengine mita moja kwa siku au chini ya hapo. Mkondo wa Pemba, kati ya kisiwa hicho na mwambao wa Tanga, kina chake hufikia takriban mita 800. Seli iliyokufa juu ya mkondo huo, ikizama peke yake kwa mwendo huo, ingehitaji zaidi ya miaka miwili kufika chini, na kwa hakika isingefika, kwa kuwa bakteria wangeimaliza njiani na kaboni yake ingerudi katika maji na hewa. Zikinaswa seli elfu kadhaa katika ulimbo mmoja, bonge linalotokea huweza kuzama makumi ya mita kwa siku, na mara nyingine mia moja na zaidi. Safari ya miaka miwili huwa ya siku nane. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kaboni iliyochukuliwa hewani na mwani itakaa kilindini kwa miaka mingi au itarudi hewani karibuni. Victor Smetacek alidai mwaka 1985 kwamba kunata na kuzama kwa pamoja huenda ni sehemu ya maisha ya diatomu zenyewe: seli zinaondoka katika maji yaliyokwisha virutubishi na kwenda kungoja gizani. Dai hilo linajibu kwa kiasi lile swali la haja ya gundi, ingawa haliwezi kuelezea aina zote.

Mabonge haya yakimulikwa na taa kilindini huonekana kama theluji inayoanguka, na watafiti wa Japani Suzuki na Kato walikwisha kuyaita hivyo katika miaka ya 1950. Wanaoandika kwa Kiswahili kwa kawaida hufasiri moja kwa moja, theluji ya bahari. Tafsiri hiyo inaeleweka na haina kosa la sarufi, lakini inaleta picha ya baridi na ya kitu kipya kishukacho kutoka juu, ilhali kinachoshuka ni mabaki. Machicha ni neno linalofaa zaidi. Ni vipande vyeupe, vidogo, visivyolingana, vilivyobaki baada ya tui kukamuliwa, ambavyo havikosi kabisa lishe, kwani kuku hupewa. Mabonge ya baharini nayo yamekwisha kutumiwa tabaka la juu, hata hivyo ndiyo chakula kikuu cha viumbe wa kilindini. Mpishi yeyote wa pwani ataielewa istilahi machicha ya bahari kabla hajaelezwa.

Jambo moja hukinzana na picha hii nzima. Ulimbo mtupu, usio na mzigo, ni mwepesi kuliko maji ya bahari. Azetsu-Scott na Passow walionyesha mwaka 2004 kwamba chembe hizo zenyewe hupanda. Kwa maneno mengine, ulimbo ambao haujanasa vya kutosha hupeleka juu kile kidogo ulichokinasa, na kujikusanya katika uso wa bahari. Silika ya magamba ya diatomu, chokaa ya viumbe wengine na udongo wa mito ndivyo vinavyougeuza mwelekeo. Tope jekundu linaloonekana mlangoni mwa Pangani wakati wa masika huwa na athari mbili zisizofanana: huzuia mwanga usiifikie mimea ya majini na matumbawe, na papo hapo huupa ulimbo uzito wa kuzama.

6.0 Mahali ulimbo unapoonekana

Katika pwani ya Tanzania kielelezo kilichochunguzwa vizuri zaidi ni Trichodesmium. Kwa usahihi huyu ni bakteria wa usanisinuru, lakini anaishi kama mwani wa hadubini na aghalabu huhesabiwa pamoja nao. Ian Bryceson na Peter Fay waliandika juu ya uwezo wake wa kuchukua naitrojini ya hewa mwaka 1981, na mwaka 2002 Charles Lugomela na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa aina zake na misimu yake. Huongezeka wakati wa kaskazi, maji yanapotulia na kupata joto. Nyuzi zake hufungana vifungu vionekanavyo kwa macho, na kwa kuwa zina vifuko vya gesi huelea juu, zikawa mistari ya rangi ya unga wa mbao. Asiyejua huweza kudhani ni mafuta au taka zilizomwagwa na meli.

Mwaka 2007 Ilana Berman-Frank na wenzake walieleza kwamba Trichodesmium anayekosa virutubishi hufa kwa ule utaratibu wa ndani uliotajwa hapo juu, na kwamba kifo hicho huambatana na ongezeko kubwa la chembe za ulimbo. Maana yake ni kwamba kundi linaloelea juu kwa majuma huweza kutoweka kwa siku chache, likiacha ulimbo mwingi katika maji. Mvuvi aonaye mistari ya kahawia leo na maji safi keshokutwa hajaona uchafu ukisafishwa. Ameona vifo na mabaki yake, ambayo mengine yamo bado majini hata kama hayaonekani.

Mfano wenye hasara kubwa zaidi ulitokea katika bahari ya Omani. Kuanzia mwaka 2008 hadi 2009, kwa zaidi ya miezi minane, mwani uitwao wakati huo Cochlodinium polykrikoides ulienea katika Ghuba na bahari ya Omani na kuathiri zaidi ya kilomita 1,200 za pwani. Samaki walikufa kwa wingi. Mwani huo hutoa ute mwingi, na kwa nchi ambazo maji ya kunywa hutoka baharini hilo lilikuwa tatizo la kila nyumba: mitambo ya kuondoa chumvi, ambayo husukuma maji kwa nguvu kupitia vichujio vyembamba sana, iliziba, na baadhi ikalazimika kusimamishwa. Wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Maskati ni miongoni mwa wategemeao mitambo hiyo. Kichujio huweza kuondolewa seli zilizoziba mlangoni. Tatizo sugu zaidi ni chembe za ulimbo, kwa kuwa hujibonyeza na kupenya penye nafasi ndogo kuliko ukubwa wake, kisha hutandaa juu ya kichujio na kuwa makao ya bakteria. Mhandisi anayeambiwa kwamba maji yana uchafu atatafuta kichujio kikali zaidi. Akiambiwa yana ulimbo, atajua kwamba kichujio chenyewe ndicho kitakachonaswa.

Katika Bahari ya Marmara, Uturuki, mrundikano wa mwaka 2021 ulifunika ghuba na bandari kwa tabaka nene la rangi ya maziwa, na watu wakauita mate ya bahari. Wavuvi wa Italia, ambao katika bahari ya Adriatic wana kumbukumbu za mirundikano kama hiyo tangu karne ya 18, huiita bahari chafu. Majina yote mawili ni ya mtu aliyesimama nchi kavu akitazama. Hayana makosa kwake, kwani nyavu zake kweli zimekuwa nzito na chafu. Yanakosa kueleza kwamba dutu ile ile, ikiwa kwa kiasi cha kawaida na ikitawanyika, ndiyo inayoisafisha bahari kwa kuvishusha chini vilivyokufa.

7.0 Mpangilio wa istilahi

Kiswahili huyapanga majina mengi ya dutu hizi katika ngeli ya U: ute, udenda, usaha, ukoga, utomvu, ulimbo, utando, utelezi. Hata ukoga wa meno, ambao ni bakteria waliojifunika kwa dutu inatayo, umo humo. Ngeli hiyo inataja wingi usiohesabika, na inafaa kwa kitu kilichotandaa au kinachotiririka. Haifai mtafiti anapotaka kuhesabu. Ndiyo sababu ya kuongeza neno chembe na kusema chembe za ulimbo, kama isemwavyo punje za mchanga.

Mpangilio unaopendekezwa hapa ni kwamba ute utaje dutu iliyotoka katika seli na ambayo bado imemumunyika au imezunguka seli kama koti. Ulimbo utaje dutu hiyo ikiisha kuganda na kuanza kunasa. Utando utaje ile iliyotandaa juu ya jiwe, ngalawa au kichujio. Machicha ya bahari yataje mabonge yaliyokwisha nasa mzigo. Mrundikano wa Marmara unaweza kuitwa mlenda wa bahari, kwa kuwa huvutika kama mlenda na kama bamia iliyopikwa, na jina hilo halitukani. Mipaka kati ya istilahi hizi haitakuwa mikali, kwani hata katika maumbile ute huwa ulimbo bila kengele kugongwa.

Pingamizi lenye uzito dhidi ya ulimbo ni kwamba neno hilo hutaja mtego wa binadamu. Ulimbo, ambao wengine huutamka urimbo, hutengenezwa kwa utomvu wa mti kama mfenesi, hupakwa kijitini, na ndege akitua hunasa. Kuna mtegaji mwenye nia, na bahari haina nia. Lakini pingamizi hilo likikubaliwa litafuta pia nguvu, kazi na mkondo wa umeme, ambazo zote zilitoka katika maisha ya watu zikaingia fizikia. Pingamizi la pili ni kwamba vijana wa mijini hawaujui ulimbo. Hilo ni kweli kwa wengi. Hata hivyo neno lililosahauliwa nusu lina faida kwa mtunga istilahi: halina matumizi mengi ya kila siku ya kushindana nayo, na kamusi bado zinalihifadhi.

Njia nyingine ingekuwa kutafuta katika lugha jirani za Kibantu kabla ya kukopa mbali, na Usambara ni mahali panapostahili kutafutwa. Neno kitivo, ambalo vyuo vikuu hulitumia kila siku, hunasibishwa na Kisambaa na Kipare, na ni jina pia la tambarare ya umwagiliaji iliyo chini ya milima wilayani Lushoto. Msamiati wa Kisambaa ulikusanywa na F. LangHeinrich katika kamusi iliyotoka mwaka 1921, na baadaye na Ruth Besha. Mwanafunzi wa uzamili atakayekwenda Magamba kuuliza majina ya utelezi wa mawe, wa majani na wa udongo, na kutenganisha kati ya yale ya kuteleza na yale ya kunata, atarudi na orodha ambayo haiwezi kutengenezwa ofisini.

Linabaki neno la kipimo. Wanasayansi wa bahari hawatosheki kusema kwamba chembe inanata. Hupima uwezekano kwamba chembe mbili zilizogongana zitabaki zimeshikana, kuanzia sifuri hadi moja. Kitenzi ambata, pamoja na fumbata, kumbata na kamata, kina mnyambuliko wa -at- ambao wanaisimu wa Kibantu huuita wa kugusana, na nata kina umbo linalofanana nao ingawa mzizi wake ni mfupi mno kuthibitisha chochote. Kutokana na ambata panaweza kupatikana uambataji kwa tendo lenyewe. Kwa kipimo, unato unatosha: chembe zenye unato wa 0.1 ni zile ambazo katika kila migongano kumi, mmoja huziacha zimeshikana na tisa huziacha ziende zake.